Andika Bei

Mwaka ule vyuma vilipokaza
Tandika nzima ilijifunza neno moja: nitarudi.
Mteja hushika kitambaa, hukigeuza, hukisifia,
huuliza bei kwa sauti ya msibani,
kisha "nitarudi," na mgongo wake
unamezwa na wanunuzi wa dagaa.

Bi Stumai hakuwalaumu.
Anafuma vitambaa vya makochi tangu mumewe ni kuli bandarini,
hesabu anaijua: kwanza unga, kisha ada,
kisha kodi ya miezi sita, kisha umeme wa buku mbili.
Kochi litavaa siku likijaliwa.

Mimi nauza kava za simu, mlango wa pili.
Siku hiyo sikuwa na mteja, nilikuwa na bando
linaloisha saa sita usiku, nikaona ni dhambi lioze bure.
"Bi Stumai, hivi vitambaa tuvipeleke mtandaoni."
Akacheka mpaka kroshia ikamponyoka.
"Mtandao? Mimi natanda nyuzi tangu hujazaliwa."

Kochi lake limetoboka, sponji inachungulia njia.
Tukaazima la kinyozi Mbwambo;
wateja wakasimama dakika kumi,
mmoja kichwa nusu.
Jua la saa kumi likaingia kwa ubavu,
maua meupe yakatulia juu ya ile rangi ya damu ya mzee.
"Upige na mikono yangu," akasema,
"wajue hivi havikutoka kwenye kontena."

Nikaandika maneno, na mwisho, kama wafanyavyo wote:
Bei njoo inboksi.

Akavaa miwani. Akasoma, herufi kwa herufi.
"Kwa nini bei ijifiche? Imeiba?"
Nikamweleza ndivyo biashara ilivyo,
mteja avutwe kwanza, apimwe,
mwenye gari atajiwe ya gari.
Akanyamaza kwa vitanzi vinne.
"Mtu asiye na hela mdomo humwia mzito.
Atapita na aibu yake, mlango asigonge.
Andika bei. Andika na mafungu:
nusu leo, nusu mwezi ukiandama."

Nikaandika.
Siku ya kwanza, vidole gumba vitatu,
na mmoja aliyeuliza kama kochi nalo linauzwa.
Ya pili, kimya. Ya tatu, mvua, umeme ukakatika.
Ya nne, usiku, kutoka Makambako:
Mama, nimeona bei ndiyo maana nimethubutu.
Sita vya bluu. Naanza na nusu.

Pesa iliingia kabla uzi haujanunuliwa.
Bi Stumai hakulala, na si kwa furaha;
ilikuwa ile hofu ya kuaminiwa
na mtu usiyeijua sura yake.
Alifuma mpaka adhana ya alfajiri,
akafumua safu nzima kwa kosa
ambalo mimi sikuliona hata kwa kuonyeshwa.
Kulipokucha akapanda bodaboda, mara ya kwanza maishani,
kifurushi kifuani kama mtoto mwenye homa,
mpaka stendi ya Mbezi,
akamwapisha kondakta wa basi.

Sitasema tulitajirika.
Mwenye nyumba bado anamdai,
na kuna wiki simu hailii hata kwa kukosea namba.
Ila kuna sebule tatu Makambako, na moja Liwale,
ambako mgeni akiketi ameegemea Tandika.

Jana alinifuata na noti kwenye pindo la kanga.
"Picha, maneno, bando lako. Nidai."
"Aa, Bi Stumai, tutaongea tu."
Akanitazama juu ya miwani, muda mrefu,
akavuta kigoda, akaketi katikati ya kava zangu zenye vumbi,
hakuna hata moja iliyobandikwa namba.

"Na hiyo tutaongea," akasema, "si ndiyo inboksi yenyewe?
Chukua kalamu."