Linaumaje?

Alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne,
majina sita ya madaktari, matano yamekatwa kwa kalamu:
mmoja kahamia Mwanza, mmoja yuko masomoni,
mmoja wa macho, mmoja wa meno,
na mmoja, sijui nani alimwandikia,
ni daktari wa ng'ombe kule Kongwa.
Wa sita alikuwa wetu, Chibago, zamu ya usiku.

Bi Ketevani, mtu wa Jojia,
fundi wa mizabibu huko Hombolo.
Udongo wa shamba ulikuwa bado kwenye buti zake,
ukaacha nyayo kutoka dirisha la mapokezi
mpaka kwenye benchi asiloweza kulikalia.
Alisimama. Akainama. Akashika ukuta.
"Daktari wa Kiingereza," akaniambia. "Tafadhali."

Kiingereza kipo, nikamjibu.
Kimebandikwa mpaka mlango wa choo.

Walipokaa wakitazamana, yeye na Chibago,
niliwaona kama wageni wawili
waliopeana miadi nyumbani kwa mtu wa tatu:
mwenye nyumba hayupo,
na hakuna ajuaye taa inawashiwa wapi.
Maumivu ni makali, au ya chinichini?
Ndiyo, akasema.
Yanakuja na kuondoka, au yapo tu?
Ndiyo.

Hiyo "ndiyo" naijua.
Bibi yangu Mbeleje aliisema mara tatu
siku nilipomsindikiza kutoka Mundemu,
yeye na Cigogo chake tu,
daktari kijana na Kiswahili chake kizuri.
Linauma? Ndiyo. Linawaka? Ndiyo. Umekula? Ndiyo.
Hakuwa amekula tangu juzi.
Mimi, miaka kumi na mmoja, sare ya shule,
nilisimama mlangoni nikiona haya
kufungua mdomo kwa lugha ya nyumbani
mbele ya koti jeupe.
Waliandika malaria.
Yaliyofuata siyaelezi.

Nikaweka beseni chini. Nikampa kalamu.
Usiseme, nikamwashiria, chora.
Nyuma ya orodha yake akachora mzabibu:
shina, tawi, halafu kile kikono chembamba
kinachotafuta waya gizani,
kikiupata kinajiviringisha, kinakaza,
kinapumzika, kinakaza tena.
Akaweka kidole kiunoni, nyuma,
akakiteremsha taratibu mpaka kinenani.

"Linamnyonga," nikamwambia daktari.
"Linanyonga!" akasema Chibago,
kama mtu aliyesaka funguo nyumba nzima
akazikuta mfukoni mwake.
Anakunywa maji gani huko Hombolo?
Ya kisima. Yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika.
Basi ni jiwe, akasema. Jiwe la figo.

Saa nane usiku jiwe likatembea.
Alilia kwa lugha yake, herufi zikigongana kooni,
na neno moja akalirudia: deda, deda.
Nami nikishika beseni: pole, mama. Pole, mama.

Asubuhi, kwenye uji wa uwele, akanieleza.
Deda ndiye mama.
Na mama, kwao, ni baba.
Usiku kucha nimembembeleza kama baba wa mtu!
Tulicheka mpaka akashika kiuno.
Nikamwuliza, na kunyonga mnasemaje?
Akasema. Nikakosea, akasahihisha, nikarudia.

Sasa nimelisahau.
Karatasi ninayo, ndani ya kava la daftari la zamu,
mzabibu huku, majina huku.
Upepo ukivuma kutoka Nkuhungu
unaingiza vumbi mpaka kwenye kurasa.
Leo kwenye benchi kuna bibi mmoja,
miguu haifiki chini,
mjukuu wake anatazama pembeni.
Mbukwa, namwambia.
Halafu nasubiri.