Mara ya Arobaini na Sita

Mwezi wa pili, kikoba kilipovunjwa,
nilirudi Pasua na laki sita na arobaini kwenye sidiria,
na kabla sijavua viatu
kila shilingi ilikwishapata mwenyewe:
shemeji Ndekirwa ameona kochi la kona, damu ya mzee,
pale Double Road, bei ya kuongea.

Nikalala na kochi kichwani.
Usiku kucha likaomba.
Likaomba zulia, zulia likaomba meza ya kioo,
meza ikaomba televisheni ya kutazamana nayo,
nami nimo katikati yao, mpishi wa shule,
naomba tarehe ishirini na tano ifike.

Asubuhi nikamfuata Eliaichi, mweka hazina wetu,
mwanamke asiyejua kunong'ona.
Alinipokea na kalamu sikioni.
"Hicho kitu," akasema, "kikilala kwako,
kinaamka na njaa au kinaamka na shilingi?"
Sikuwa na jibu. Nikanywa chai yake.

Nikanunua viti thelathini.
Vya plastiki, vya bluu, elfu kumi na nane kimoja,
nikavipanga uani minara mitatu
na kuvifunika turubai kama wagonjwa.
Laki iliyobaki nikaificha
kwa ajili ya miguu itakayovunjika.
Mtaa ulicheka. Mume wangu hakucheka:
alihesabu waliomo nyumbani, watano,
akahesabu viti, akanyamaza.

Hesabu niliiandika nyuma ya daftari la Aikande,
kwa penseli, ili makosa yafutike.
Mia nne kwa kiti, kwa siku.
Kikikaliwa mara arobaini na tano
kiti kimejinunua.
Mara ya arobaini na sita
kinaninunulia mimi.

Vilianzia Kiboriloni, kwenye kipaimara,
vikarudi na madoa ya mbege.
Vikaenda Uru, msibani,
vikarudi na udongo mwekundu miguuni
na leso ya mtu imefungwa kwenye mkono wa kimoja,
fundo gumu, sikulifungua siku mbili.
Kisha wiki nne nzima
hakuna aliyeoa, hakuna aliyekufa.
Masika ikapiga ngoma juu ya turubai
nikavichukia vyote, kimoja kimoja.
Sikujua hata niombe nini:
mji wenye afya njema haukodi viti.

Kimoja kilivunjika Kibosho, aliyekikalia hakusema.
Viwili havikurudi kabisa.
Hayo niliyaandika kwa wino.

Halafu Desemba.
Watu wakapanda nyumbani kutoka Dar, kutoka Mwanza,
magari yakajipanga hadi ndani ya migomba,
harusi, ubatizo, kuweka misalaba, kugawana vihamba,
na simu yangu ikakosa usingizi.
Mimi nilikuwa kitandani na malaria,
meno yanagongana, blanketi mbili,
na viti vyangu vilikuwa Mwika, vilikuwa Machame,
vimekaa,
vimekaa tu,
na kukaa huko ndiko kazi yao.
Nilicheka peke yangu mpaka Aikande akaniletea maji.

Januari viti vya bluu vikazaa vyeupe kumi.

Mwezi wa tatu Ndekirwa alifiwa na mama.
Alifika usiku, akasimama mlangoni,
hakutaja kochi, nami sikulitaja,
ingawa nasikia alilinunua yeye, kwa mkopo,
na bado analilipa.
Nikavua turubai. Vyote thelathini na saba.
Nikavifuata hadi Old Moshi,
nikavipanguza umande kwa kanga yangu,
na ibada ilipoanza nikaketi, mara yangu ya kwanza,
juu ya mali yangu.
Kiti ni kigumu. Sikuwa nimejua.

Eliaichi alipokagua daftari
kidole chake kilishuka safu ya fedha,
kikasimama penye uwazi.
"Na hapa?"
"Hapo," nikamwambia, "nilikaa mimi."
Akatoa kalamu sikioni, akaitazama,
akairudisha.