Umevuta?

Bi Thuweba wa Kuze alinipigia alfajiri:
"Friji laniuma, mwanangu.
Nikiligusa na mkono wa maji lanitia jino.
Na panka la ukumbini lazunguka likisita,
kama mtu ahesabuye deni."

Nilikwenda na mkoba, tesita, plasi mbili.
Nikavua viatu mlangoni kwa adabu,
nikavivaa tena kwa akili:
stima haijui adabu, yajua njia tu.

Jikoni swichi imelala, balbu imekufa,
na tesita yangu yawaka palepale kwenye kikombe cha balbu.
Fundi aliukata waya wa kurudi,
wa kuja akauacha.
Miaka yote hiyo giza la jikoni lilikuwa uongo,
na Bi Thuweba akipanda kigoda kubadilisha taa,
Bismillahi mdomoni,
mkono ndani ya uongo.

Nikazima meni.

Nyuma ya friji, waya wa ardhi,
wa kijani na manjano,
umekunjwa kama mkia wa mjusi, haukufungwa popote.
Maskini huyu hatumwi kila siku.
Kazi yake ni kungoja siku moja mbaya.
Siku ilipofika ikamkuta hana pa kwenda,
na mzigo wake akaupokea ajuza, kwa kiganja.

Waya mwembamba wa taa
umebebeshwa pasi na birika,
mtoto aliyetwikwa gunia la mchele.
Ganda lake limekuwa gumu, lavunjika kama kashata.

"Wafanyani huko juu?" aliuliza.
"Natafuta kiungo."
Akacheka. Kwake yeye kiungo ni iliki na bizari.
Kwa daktari wake kiungo ni goti.
Kwangu ni shaba mbili zilizokumbatiana,
au zilizojifanya zimekumbatiana.

Nilikipata karibu na dari,
kimezikwa ndani ya chokaa bila kisanduku,
tepu ya buluu imeyeyuka, imelia machozi meusi.
Ukuta wa matumbawe hunywa chumvi usiku kucha;
shaba ilikuwa imegeuka rangi ya embe bichi.
Nikabandua tepu kwa ukucha.
Mizunguko saba. Yote kuelekea kushoto.

Mafundi wa shoto nawajua wawili mji huu.
Mmoja hushona makoti.

Ilikuwa Shaabani, watu wakitaka taa kabla ya mwezi.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, juu ya ngazi,
na lengelenge kwenye kidole cha shahada.
Chini, sinia la mahamri lilikuwa limefika,
na marehemu Fundi Mselem, ameshika miguu ya ngazi,
aliuliza alivyouliza kila mara:
"Umevuta?"
Maana kiungo, alisema, hakiaminiwi kwa macho.
Kivute kama umvutavyo nduguyo asiende.
Kikikubali kuachia, heri kiachie mkononi mwako
kuliko usiku, watu wamelala.
"Nimevuta," nikasema.
Mahamri yalikuwa ya moto bado.

Sasa nikakivuta, kwa vidole viwili tu.
Kikaachia, chepesi, kama uzi wa kanzu iliyooza.

"Ni fundi gani asiye na haya aliyefanya haya?"
Bi Thuweba alikuwa chini, ameshika miguu ya ngazi.
Ningeweza kumtaja marehemu. Maiti hajitetei.
Ningeweza kusema panya.
Ulimi ulikuwa mzito, ladha ya shaba.
"Swichi na ardhi sijui. Lakini hiki ni changu, Bi.
Ni mimi."

Hakunitukana. Hilo lilikuwa zito zaidi.
Alikwenda jikoni gizani akarudi na tochi,
akanimulikia hadi nilipomaliza:
kisanduku, kiunganishi kipya, parafujo zimekazwa.
Nikachukua kifuniko nifunike.

"Ngoja," alisema.
"Mimi si fundi, na macho yangu hayana nguvu.
Vuta, nione."

Nikavuta.
"Tena," alisema.