Ujumbe wa Jokofuni

Saa kumi na mbili asubuhi Zenon anarudi,
unga wa kiwanda cha mikate umemganda nyusini,
na Bogumiła keshavaa koti, kifungo cha juu bado wazi.
Wanapishana mlangoni kama walinzi wa lindo moja:
busu la haraka, ufunguo, "uji uko jikoni."
Nje, Łódź yote imefunikwa theluji,
tramu inakwaruza reli.

Mwalimu sasa ni baba.
Darasa ni meza ya jikoni, mguu mmoja umetiwa kadibodi.
Kazik, miaka sita, anajumlisha vifungo vya mama yake:
saba vyeusi, vitatu vya shaba, kimoja kimemezwa na Jagna.
"Basi toa moja," asema baba,
kisha anakumbuka kuogopa.
Daktari kwenye simu anacheka: subirini, kitatoka.
(Kilitoka Alhamisi. Hesabu ikarekebishwa.)

Hakusomea ualimu huyu. Anajua hamira,
anajua kinyunya kinapochoka kukandwa,
kwamba ukikiharakisha hakiumuki.
Hayo anayajua kwa mikono; kwa mtoto anayasahau
kila ifikapo saa tano, na herufi ile ile,
L yenye mkato tumboni, imeandikwa tena kinyume.
Sauti inampanda. Penseli inavunjika.
Wote wawili wanaingia chini ya meza kuitafuta ncha
na huko chini hakuna mwalimu.

Jioni zamu inageuka. Mama, vidole vimetobolewa na sindano,
anafundisha kusoma kwa chochote chenye maandishi:
pakiti ya chumvi, bili ya joto, lebo ya shati.
Wao wawili huzungumza kwa karatasi jokofuni.
Maziwa yamekwisha. Jagna anakohoa. Amefika kumi na tisa!
Kitu kimoja tu hawakukipigia hesabu:
kwamba kazi yao ingefaulu.

Februari, Jumanne. Kazik juu ya kiti, kidole kwenye mstari,
anasoma kwa sauti, polepole, kama anayevuka barafu:
Le-o ni-me-li-a cho-o-ni. U-si-mwa-mbi-e m-to-to.

Zenon kasimama, mwiko mkononi, uji unadondoka.
Alitaka kusema neno.
Alitaka pia kupiga makofi.

Mtoto akaomba penseli.
Chini ya mwandiko wa mama akaandika muda mrefu, ulimi nje,
herufi moja ingali imegeukia nyuma:
Mtoto anajua. Mtoto amesoma mwenyewe.

Jagna naye akadai zamu yake.
Akachora kifungo.