Mbao Mbili

Shimo tulilichimba Alhamisi, mimi na vijana wawili,
futi kumi na mbili, la choo kipya,
hatua tatu kutoka kijia
kinachoshuka kati ya migomba hadi kituo cha maziwa.
Mbao zilikuwepo.
Nilizinunua Tukuyu mjini, zikinukia utomvu wa paini,
nikaziegemeza kwenye banda la nguruwe,
nikasema: kesho.

Kesho ya Rungwe haiji peke yake.
Huja imeshikana mkono na ukungu,
huja na mvua ile nyembamba isiyo na haraka,
na saa kumi na moja alfajiri
huuoni hata mkono wako ulioshika ndoo.

Gwantwa alibeba lita saba.
Nilisikia ndoo kwanza,
bati likigonga jiwe,
halafu kimya,
halafu jina langu.

Nyonga. Miezi minne kitandani.
Ng'ombe wake alikamuliwa na watoto, akakauka.

Majirani walikuja na ndizi, walikuja na maneno:
"Ajali haina kinga, Ambokile."
Nikajifunika maneno yale kama blanketi
hadi siku ya mahakama.

Hakimu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mafua.
Hakuuliza kama nilimchukia Gwantwa.
Hakuuliza kama nilimsukuma.
Kijia hicho, ulijua watu wanapita?
Nilijua. Hata mimi hupita.
Na ukungu, ulijua utakuja?
Nimezaliwa humu, mheshimiwa.
Kuzilaza mbao kungekuchukua muda gani?

Hapo nilikohoa.
Muda wa kuvuta sigara moja.
Na sigara niliivuta kweli jioni ile,
nimekaa juu ya kifusi,
nikilitazama shimo langu kwa fahari.

Wakili wangu akasimama: mlalamikaji hakuwa na tochi.
Hakimu akaandika.
Kwa hilo nitapunguza, alisema, kidogo tu;
giza halikuchimba shimo.

Kisha akatueleza habari za mtu mmoja,
mtu wa kawaida, wa uangalifu wa kawaida,
si malaika, si fundi mkuu,
ambaye angeyafunika yale mauti
kabla hajanawa mikono.
Sijui huyo mtu anakaa kitongoji gani.
Namtafuta tangu siku ile.
Nadhani nyumba aliyopaswa kukaa ni yangu.

"Lakini wanasema ajali haina kinga," nilijitetea,
sauti yangu ikitoka ndogo kama ya mtoto aliyevunja chungu.
Akavua miwani, akafuta pua.
"Hii ilikuwa nayo, bwana Ambokile.
Ilikuwa imeegemea banda la nguruwe."

Nimelipa. Nguruwe wawili wameondoka,
na parachichi za msimu mzima, zikiwa bado mtini.
Choo kimekwisha, kina mlango, kina kufuli.
Lakini Gwantwa akifika pale, kila alfajiri,
tochi kwapani,
husimama,
hupeleka fimbo mbele,
hugonga ardhi mara mbili,
ardhi ngumu, iliyomwagiwa zege, isiyo na kosa lolote,
ndipo apite.

Mimi saa hiyo huwa macho.
Nasikia ya kwanza.
Nangoja ya pili.