Siku Tatu Belhaven

Tulitia nanga tulale usiku mmoja tu.
Pampu ya injini ikagoma,
kusini ikabaki huko huko, kwenye ramani.

Verlene wa duka la chambo hakuuliza kwetu ni wapi.
Alinirushia funguo za gari lake kuukuu:
"Breki kanyaga mara mbili. Mbwa haumi."

Nikaendesha, mbwa wa watu ubavuni,
nyuma mashuka yaliyokakamaa kwa chumvi,
na barabara, ingawa imetulia tuli,
ikinipanda na kunishuka magotini.

Kwenye mashine za kufulia Ghislain alihesabu sarafu.
Odile, miaka sita, jino likamtoka
katikati ya mkate wa siagi.
Nikamwambia, litupe majini.
Akakataa katakata.
Akalifukia chini ya ngazi ya Verlene,
"mahali pasipotikisika," alisema,
na mimi nikajifanya natafuta soksi.

Siku ya nne sakitu ilimeta sitahani.
Pampu ikanguruma, tukang'oa nanga,
Verlene hakupunga mkono, alikuwa na wateja.

Jioni nilifungua shajara ya chombo.
Chini ya mwandiko wa baba yake,
*upepo kaskazini, kina futi tisa,*
kalamu ya rangi ilikuwa imeongeza:
*tumeacha jino moja.*