Kuupanda Ukuta

Usiniulize bega limeanza lini kuuma.
Bega halina siku ya kuzaliwa.
Asubuhi moja nilitaka kufunga vifungo vya mgongoni,
mkono wa kushoto ukafika kiunoni, ukagoma
kama punda aliyeonyeshwa mto.

Jirani yangu Bi Ghaniya akasema: chuma cha moto.
Akanionyesha kovu lake, duara jeusi nyuma ya shingo.
"Na shingo ikapona?"
"Kupona, hapana. Lakini wiki nzima
nilikuwa naumwa na kidonda, shingo nikaisahau."

Nikaenda hospitali ya Ibra, chumba cha mwisho,
harufu ya mpira na dawa ya kuchua.
Kijana Yaarub, Kiswahili chake cha kurithi kwa bibi,
kina *miye* na *weye*, hakina neno la uti wa mgongo,
akaniambia, "Nionyeshe unavyoshona."
Nikakaa. Nikaiinamia kofia isiyokuwepo,
mabega yakapanda masikioni yenyewe.
"Bibi," akasema, "kazi ya vidole
umeitwika shingo miaka thelathini na minane."

Kila tundu la kofia lina fundo lake.
Kumbe mengine nilikuwa nayafunga ndani ya bega.

Basi akanipa masharti, nami nayaweka hapa
kwa sababu mkwe wangu ananishika mkono, ananiambia lala.
Usilale. Pumziko refu ni kutu.
Inama, shika meza, uache mkono uning'inie
uzunguke wenyewe kama ndoo kisimani.
Kokwa za tende zitie ndani ya soksi, zipashe moto,
uziweke begani kabla ya mazoezi, bega lipate kulainika.
Kila matundu thelathini, inuka, hata kama huna pa kwenda;
nenda kaitazame kahawa isiyochemka.
Na uchungu una sauti mbili:
ule unaovuta, kaa nao, hesabu ishirini;
ule unaochoma, uachie njia, rudi nyuma.
Usipigane na mlango uliokomewa kwa ndani.

Kitanda cha pili alilala kijana wa Kibangali, Rofikul,
mgongo wa mifuko ya simenti.
Yaarub akamfundisha kwa vitendo: kunja magoti,
mzigo uukumbatie kifuani, usiuinue kwa kiuno,
usigeuke ukiwa nao.
Rofikul akarudia, akafanya vizuri kuliko sote.
Kisha akauliza, kwa Kiarabu cha kuokoteza,
"Na msimamizi akiwa anahesabu mifuko?"
Yaarub akashika taulo, akalikunja.
Lilikuwa limeshakunjwa.

Nyumbani naupanda ukuta.
Vidole viwili vinatambaa kama mjusi mzee,
kimoja kinamngoja mwenziwe,
na penseli iko mkono wa kulia, alama kila Ijumaa.
Nikisali, takbira yangu bado imepinda:
mkono mmoja sikioni, mmoja kifuani.
Namwambia Mola, huyo wa pili yuko njiani.

Ukuta wenyewe ndio niliowapimia wanangu.
Zamani mume wangu alitaka kuupaka rangi,
nikamwambia apake zote tatu, huu auache.
Mwezi wa kwanza kidole kilikwama kwa Shamsa wa miaka sita,
kikakaa hapo, wiki tatu, haruki wala hashuki,
nikalia kidogo, nikapasha kokwa, nikaanza upya.
Leo nimempita Mundhir wa miaka tisa.

Kiganja kimoja juu yake
yupo Mundhir wa kumi na mmoja,
mwaka ule alioanza kunijibu kwa Kiarabu
nikimsemesha Kiswahili.

Huyo ndiye ninayemtaka.
Kumi na nane.
Kumi na tisa.